Mnyororo Unaojipatia Mafuta



Shuleni twafundishwa Fizikia kwa chaki na ubao, na mara nyingi mwanafunzi hujiuliza masomo hayo yatamfaa nini atakaporudi nyumbani. Likizo ya Desemba iliyopita niliulizwa swali hilo na kaka yangu, wala hakuuliza kwa dhihaka. Alikuwa na haja. Yeye ndiye anayeninunulia madaftari na sabuni, na kunipa nauli ya kuja shuleni. Fedha hizo huzipata kwa pikipiki yake anayobebea abiria mjini Mafinga na katika vijiji vilivyo kando ya mji. Pikipiki ikisimama, nami nasimama.

Katika makala haya nitaeleza jinsi tulivyofunga chombo kinachoutia mnyororo wa pikipiki mafuta chenyewe, bila dereva kushuka wala kukumbuka. Nitaeleza pia kosa nililolifanya mara ya kwanza, kwa sababu kosa hilo lilimwangusha kaka yangu, nami nisingependa mwingine alirudie.

JINSI MAMBO YALIVYOANZA

Siku moja kaka alikuwa akiteremka kilima, amempakia mama mmoja na debe lake la mahindi. Mnyororo ukakatika. Kwa bahati njema ulianguka barabarani; kama ungalijikunja katika gurudumu, gurudumu la nyuma lingalikwama palepale. Yule mama alishuka salama, lakini safari yake aliimaliza kwa miguu, debe kichwani.

Mnyororo huo ulikuwa na umri wa miezi minne tu. Fundi aliutazama, akaukunja mkononi, ukalia kama mlango wenye kutu. Akasema, "Huu umekufa kwa kiu."

Kaka alistaajabu, kwani kila Jumapili alikuwa akiumwagia oili. Ndipo aliponigeukia na kuniuliza, "Mdogo wangu, ninyi mnaosoma Fizikia, hamkufundishwa dawa ya jambo hili?"

KWA NINI MNYORORO HULIKA

Mnyororo ukitazamwa kwa mbali waonekana kitu kimoja, kumbe ni vitu vingi vilivyoshikana. Una vibamba vya pembeni, una pini zinazopita ndani ya bushi, na juu ya kila bushi pana rola inayozunguka. Rola ndizo zinazokaa katika meno ya sproketi. Mnyororo wa namna hii ulibuniwa na Hans Renold katika mji wa Manchester, Uingereza, mwaka 1880, na hata leo muundo wake ni ule ule. Katika pikipiki ya kaka, yenye injini ya cc 125, toka pini hadi pini ni milimita 12.7, yaani nusu inchi, na viungo vyote ni 118.

Watu husema mnyororo mkuukuu umevutika. Mimi nami nilidhani hivyo mpaka fundi alipong'oa pini moja na kunipa niishike. Katikati, pale ilipokuwa ikisuguana na bushi, ilikuwa imeingia ndani kama kisu kilichonolewa miaka mingi. Chuma hakikuvutika hata kidogo. Kililika.

Tufanye hesabu. Tuseme kila kiungo kimelika sehemu ya kumi ya milimita, yapata unene wa unywele. Zidisha kwa 118, utapata milimita 11.8. Basi mnyororo umerefuka zaidi ya sentimita moja, ingawa hapana mahali ambapo jicho laweza kuuona uharibifu. Mnyororo uliorefuka haukai sawasawa katika meno. Huyapanda na kuyala, na meno yaliyolika humaliza upesi hata mnyororo mpya. Ndiyo maana fundi mwema hakubali kubadili mnyororo peke yake. Hutaka na sproketi zote mbili.

Tena fikiri juu ya mwendo. Kwa kilomita 40 kwa saa, gurudumu la nyuma la pikipiki yetu huzunguka kama mara 5.7 kwa sekunde. Sproketi yake ina meno 43. Kwa hiyo viungo kama 245 hupita kila sekunde, na mnyororo mzima huzunguka mara mbili kwa sekunde, yaani zaidi ya mara 7,000 kwa saa. Oili nyingi iliyomwagwa Jumapili hurushwa nje katika dakika za kwanza. Ile inayobaki juu hunasa vumbi la barabara, ikawa msasa. Kumwagia mnyororo oili ya wiki nzima kwa siku moja ni sawa na kumpa mtu Jumapili maji ya kunywa mpaka Jumamosi. Mnyororo wataka kidogo, lakini wakati wote.

Kosa jingine la kaka lilikuwa kutumia oili chafu iliyotolewa katika injini. Oili hiyo ina masizi na chembe za chuma. Ni kweli haina gharama, lakini ndani ya bushi hufanya kazi ya tupa.

CHOMBO CHA KWANZA NA KOSA LANGU

Tulifunga mnyororo mpya na sproketi mpya. Kisha nikanunua mpira mpya wa dripu katika duka la dawa, ule wenye kigurudumu kidogo cha kubania ili matone yaende polepole au upesi. (Mpira uliokwisha kutumiwa na mgonjwa usiguswe kabisa.) Nikaunganisha mpira huo na chupa ya oili safi, nikaifunga chupa chini ya kiti, na ncha ya mpira nikaielekeza juu ya mnyororo, upande wa ndani, karibu na gurudumu. Kaka alitakiwa kufungua kigurudumu asubuhi na kukifunga jioni.

Siku tatu mambo yalikwenda vyema, nami nilitembea kama mhandisi. Siku ya nne kaka alirudi usiku sana, amechoka, akasahau kukifunga. Oili ikadondoka usiku kucha. Kwa kuwa ncha ilikuwa upande wa ndani, ilitiririka juu ya ringi mpaka kwenye tairi.

Alfajiri kaka alitoka kama kawaida. Katika kona ya kwanza, si mbali na nyumbani, tairi la nyuma liliteleza. Nilikisikia kishindo nikiwa bado kitandani. Alirudi akiisukuma pikipiki, goti linatoka damu na kioo kimoja kimevunjika. Namshukuru Mungu kwamba hakuwa amebeba abiria.

Baba aliniamuru niking'oe chombo mara moja, nami sikuwa na neno la kujitetea. Lakini kaka, huku akiosha goti lake, alisema jambo ambalo sikulitazamia. Alisema, "Mdogo wangu, chombo chako kinafanya kazi hata nikiwa nimelala. Tengeneza kinachofanya kazi nikiwa naendesha tu."

Baba alinyamaza kitambo, kisha akakubali kwa sharti moja: pikipiki ikitoka tena na chombo hicho, abiria wa kwanza niwe mimi.

INJINI IFUNGUE MLANGO YENYEWE

Nilikwenda kwa fundi nikamweleza shida yangu. Alipekua katika sanduku lake la vyuma vikuukuu, akatoa koki ya petroli ya skuta. Koki hiyo haina mkono wa kufungulia. Ina vijibomba vitatu: kimoja cha kuingiza, kimoja cha kutoa, na kimoja chembamba ambacho huunganishwa na injini.

Hapo ndipo somo la Kidato cha Tatu liliponirudia. Pistoni inaposhuka katika pigo la kuvuta, kanieneo ya hewa katika bomba lililo baina ya kabureta na injini hupungua, ikawa ndogo kuliko ile ya hewa ya nje. Ndani ya koki mna kiwambo cha mpira kinachosukumwa na springi. Injini inapofyonza, hewa ya nje hukishinda kiwambo, koki ikafunguka. Injini inapozimwa, springi hukirudisha, koki ikafunga. Dereva hahitaji kukumbuka kitu. Akiwasha pikipiki amefungua, akizima amefunga.

Baadaye nilipata kujua kwamba wazo hili si geni. Huko Uskoti, katika miaka ya 1980, Fraser Scott alibuni chombo cha kutia mnyororo mafuta kwa nguvu hiyo hiyo ya kufyonza, nacho chaitwa Scottoiler. Chetu ni ndugu yake maskini, lakini baba yao ni mmoja.

VITU VINAVYOTAKIWA

1. Chupa ngumu ya plastiki ya mililita 200, yenye kifuniko cha kuzungusha.
2. Koki ya skuta inayofunguka kwa kufyonzwa, nzima isiyovuja.
3. Mpira wa petroli, kiasi cha mita moja na nusu.
4. Kigurudumu cha kubania pamoja na kipande cha mpira wa dripu, mpya.
5. Waya wa shaba usio laini sana, na vifungo vya plastiki vya kufungia nyaya.
6. Oili safi ya injini namba 40.
7. Mafuta ya taa, brashi na matambara.

NAMNA YA KUFUNGA

Kwanza, zima injini na kuisimamisha pikipiki juu ya stendi kubwa. Osha mnyororo kwa brashi na mafuta ya taa, kisha uukaushe. Petroli isitumike, kwani hushika moto upesi, na katika minyororo yenye vipete vya mpira huviharibu. Kazi yote ya mnyororo ifanywe injini imezimwa. Wako watu wanaotia gia na kuushika mnyororo kwa tambara huku unazunguka. Mnyororo ukilishika tambara, vidole hufuata.

Pili, tazama ulegevu wa mnyororo. Katika pikipiki yetu, ukiusukuma juu na chini katikati ya sproketi mbili, yafaa ucheze sentimita 2 hadi 3. Mnyororo uliokazwa mno hulika hata ukiogelea katika oili.

Tatu, toboa kitundu kidogo katika kifuniko cha chupa. Usipofanya hivyo, oili ikishuka hewa haitaweza kuingia mahali pake, na baada ya muda matone yatasimama. Juu ya kitundu bandika kipande kifupi cha mpira kilichokunjwa kuelekea chini, vumbi na mvua visiingie. Funga chupa chini ya kiti, wima, mahali palipo juu kuliko vitu vingine vyote vya chombo hiki, maana oili yenyewe hushuka kwa uzito wake.

Nne, funga koki chini ya chupa na kuviunganisha kwa mpira wa petroli. Kisha toa mpira kutoka kijibomba chembamba mpaka kwenye bomba la kuingizia hewa. Pikipiki yetu ilikuwa na kijibomba tayari mahali hapo, kimezibwa kwa kifuniko cha mpira. Kama yako haina, usitoboe mwenyewe, mpe fundi. Hewa ikipenya hapo injini hupata moto kupita kiasi, na hunguruma bila utulivu inapokuwa bila gia.

Tano, kutoka tundu la kutolea la koki peleka mpira nyuma, kwa kuufuata uma wa nyuma unaoshika gurudumu. Kigurudumu cha kubania kikae baada ya koki, mahali ambapo mkono hufika kwa urahisi. Ufunge mpira kila baada ya sentimita 10, lakini uache nafasi ya kucheza pale uma unapopanda na kushuka.

Sita, na hapa ndipo palipo na roho ya kazi yote. Zungushia waya wa shaba kwenye sehemu ya mwisho ya mpira ili isimame imara. Ncha yake iguse ubavu wa sproketi ya nyuma, UPANDE WA NJE, mbali na tairi, sehemu ya chini, pale mnyororo unapoanza kuingia katika meno. Usidondoshe juu ya mnyororo wenyewe. Tone likiguswa na ubavu wa sproketi inayozunguka huenda nje kuelekea kwenye meno, kama tope linavyoruka kutoka kwenye gurudumu la baiskeli, nalo huingia mnyororoni kutoka ndani. Zungusha gurudumu kwa mkono mara nyingi uone kama ncha haishikwi na meno wala mnyororo.

KUHESABU MATONE

Washa injini bila gia, uitoe ncha kando na kuiweka juu ya kifuniko, kisha uhesabu kwa saa. Tulianza kwa tone 1 kila dakika. Zima injini: kwetu yalifuata matone mawili, kisha kimya. Tuliiacha pikipiki usiku kucha juu ya karatasi nyeupe, na asubuhi baba mwenyewe aliiokota karatasi ile na kuigeuza pande zote. Ilikuwa nyeupe.

Nilifanya na majaribio mawili ya Fizikia. Kwanza nilihesabu matone yanayojaza mililita 1 katika bomba la sindano. Maji yalikuwa matone 20. Oili ilikuwa kama 40, kwa mpira ule ule. Sababu ni kwamba uso wa oili hauna mkazo kama wa maji, hauwezi kulishikilia tone kubwa, kwa hiyo tone hukatika likiwa dogo. Basi tone 1 kwa dakika ni matone 60 kwa saa, yaani mililita 1.5. Kaka huendesha yapata saa 6 kwa siku, akatumia mililita 9. Chupa moja yatosha siku 22, na lita moja ya oili yazidi miezi mitatu. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza pia. Kwa hiyo kaka huitazama chupa kila Jumapili, siku ile ile aliyokuwa akimwaga oili zamani.

Jaribio la pili lilinifundisha kwamba chombo changu kina upungufu. Kwetu Mufindi asubuhi huwa na baridi, na oili ikipata baridi huwa nzito. Bila kugusa kigurudumu, nilihesabu tone 1 kwa dakika 2 alfajiri, na matone 2 kwa dakika 1 adhuhuri. Kwa hiyo hesabu yafaa ifanywe wakati wa joto, ili mchana oili isizidi. Wakati wa masika twaongeza kidogo, kwa sababu maji huosha mnyororo.

SHARTI LA BABA

Kaka alipanda peke yake siku nzima. Jioni tulipitisha karatasi kavu juu ya tairi pande zote, nayo haikushika hata alama ya oili. Kesho yake baba alisimama mlangoni, nami nikavaa kofia ngumu nikapanda nyuma. Tulipofika katika kona ile kaka alipunguza mwendo, nami nilifumba macho. Nilipoyafumbua tulikuwa tumekwisha ipita.

MATOKEO NA MAONYO

Namna ya kuupima mnyororo ni hii: uvute uwe mnyofu, kisha upime viungo 20. Mnyororo mpya wa aina yetu huwa milimita 254. Ukifika 259, yaani umezidi sehemu 2 katika 100, wakati wake umekwisha. Ule uliokufa kwa kiu baada ya miezi minne ulifika 261. Huu wa sasa niliupima likizo ya Juni, baada ya miezi sita: ulikuwa 256.

Mambo haya yasisahauliwe. Kila asubuhi tairi la nyuma litazamwe na kupanguswa kwa karatasi. Ukiona oili hapo, usiondoke. Moshi wa bluu ukitoka na oili ikipungua upesi, huenda kiwambo cha koki kimepasuka na injini inakunywa oili. Ondoa mpira mwembamba na kuziba kijibomba. Mpira wa dripu huwa mgumu kwa oili, kwa hiyo ubadilishwe mara kwa mara. Wetu tumekwisha badili mara moja. Na chombo hiki hakikazi mnyororo wala hakitazami meno. Kazi hizo zimebaki za mwenye pikipiki.

Siku ya Wazazi kaka amenuia kuja kwa pikipiki yake. Ataiegesha karibu na maabara, na mzazi au mwanafunzi atakaye ataweza kukiona chombo chetu na kukihesabia matone. Waletao karatasi nyeupe ya kuweka chini wanakaribishwa pia.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne